Shali ya Avelina

Fundi Modesti si mtu wa maneno mengi. Siku ile aliniambia mambo matatu, nami nikashika mawili.

Nilikuwa nimesimama mbele ya meza yake pale mjini Sumbawanga, Beda mgongoni, miezi minane, meno mawili yakimtoka kwa mpigo. Alikuwa analia tangu tulipotoka nyumbani Izia. Modesti alikuwa ameifungua laptop yangu upande wa chini, bisibisi mkononi, skrubu mbili kaziuma mdomoni.

"Mama Beda, sikiliza," alisema alipozitoa. "Kitufe cha kuwashia kimekufa. Mimi nimeiwasha kwa kugusisha huku ndani. Ukiizima, huko kijijini unakokwenda hakuna wa kuiwasha. Kwa hiyo usiizime. Funga kifuniko tu, italala. Ukifunua, itaamka palepale ulipoiacha."

"Sawa, fundi."

"La pili. Betri yake imechoka. Ikiwa macho inakaa saa moja na kitu, basi. Ikilala, hata kesho jioni unaikuta na chaji."

"Sawa."

La tatu nilimwona tu akilisema. Alikuwa anagusa ubavuni mwa laptop, pale kilipochomekwa kile kidude cha mausi, kidogo kama ukucha. Beda akapasua ukelele, nikaanza kumrusharusha, nikaitikia "sawa, sawa" kama mtu anayejibu salamu huku anapita. Modesti akatikisa kichwa, akarudi kwenye skrubu zake.

Laiti ningemwambia arudie.

Ndani ya laptop ile alikuwamo Avelina, mwanangu wa kwanza. Ni video ya dakika moja na nusu. Kaka yangu Gabriel aliichukua kwa simu yake, akaihamishia kwenye laptop yake kuukuu, na alipohamishwa kwenda kufundisha mkoa mwingine akaniachia laptop yenyewe nijifunzie kuchapa, maana nilikuwa nimeanza masomo ya jioni. Simu yake ikaja kuibiwa. Kwenye video hiyo Avelina ana miezi tisa, amekaa mkekani mbele ya nyumba yetu, anakitafuna kigunzi cha mahindi kwa ufizi. Nyuma yake, kwenye kamba, imeanikwa shali yake ya njano. Kuku anapita, anakinyakua kigunzi. Mtoto anamtazama kuku, anatutazama sisi, halafu anacheka. Anacheka mpaka anaanguka chali. Basi, ndiyo yote. Miezi miwili baadaye hakuwepo.

Bibi yangu, mama yake mama, naye anaitwa Avelina. Mtoto alikuwa wajina wake, na hawakuonana. Kwanza mvua zilikata njia ya kijijini kwa Bibi, ng'ambo ya misheni ya Kaengesa. Mvua zilipokwisha Bibi akavunjika mguu. Alipopona sisi tulikuwa tumeteremka bonde la Rukwa kwa wazazi wa mume wangu Shija, Wasukuma wenye ng'ombe wao, na tulipopanda kurudi mjini mtoto alikuwa tayari na homa. Bibi alimjua kwa simu tu. "Mwekee sikioni," alikuwa akiniambia, "nijisalimie."

Sasa macho ya Bibi yanakwisha. Ni presha ya macho. La kushoto limekwenda zamani. La kulia linaona kama mtu anayechungulia kwenye tundu la kitasa, na daktari alisema tundu lenyewe linazibwa, Krismasi huenda isilikute. Mwanzoni mwa Juni mama mdogo Redempta, anayekaa naye, alinipigia. "Bibi yako nimemwuliza anataka nini, sukari, blanketi? Anasema hataki kitu. Anataka kujiona alivyokuwa mdogo. Si ulisema mnayo picha inayotembea?"

Modesti aliniambia anaweza kuirusha kwenye simu ya mtu yeyote mwenye simu kubwa. Mimi nina kitochi. Shija anayo kubwa, lakini alikuwa bondeni na ng'ombe. Mtu mwingine sikumtaka. Mwanangu akae kwenye simu ya mtu, katikati ya vichekesho na matangazo ya misiba, halafu siku simu ikijaa afutwe? Hata kumweka kwenye flashi nilisema nitafanya nikirudi. Nilitaka kumbeba mwenyewe mara moja hii, nimfikishe.

Asubuhi ya safari, baridi ya Juni ilikuwa imekaa juu ya Izia kama mtu aliyekataa kuinuka. Maji ya kwenye ndoo yalikuwa yanauma vidole. Nilimvika Beda sweta mbili, kofia, soksi mbilimbili, nikamwekea na kitenge kizito juu. Kisha nikageukia laptop. Nilifunga kifuniko, taa yake ikaanza kupepesa taratibu, inawaka inafifia, inawaka inafifia. Nikaigusa, ilikuwa baridi kama sahani. Nikakumbuka mwalimu wetu wa jioni alivyowahi kutuambia kwamba betri hazipendi baridi.

Nikafungua sanduku, nikatoa ile shali ya njano.

Sikuwa nimeitoa tangu tumzike. Niliikunjua, nikaizungushia laptop mara tatu na kuipindia ncha zake chini, kama tunavyowafunga watoto huku kwetu, uso tu ubaki. Hii haikuwa na uso, nikaifunga yote. Vumbi la njia ya Kaengesa nalijua, kwa hiyo shali na laptop vikaingia kwenye kiroba cha sembe, nikakikaza kwa kamba. Kiroba kikaingia kwenye begi la mgongoni. Juu yake nikashindilia nepi za Beda, na pembeni, kwenye mfuko mdogo, nikatia chaja na mausi. Begi nikalivaa kifuani, mtoto mgongoni. Nilijiona mama wa mapacha.

Nilipanda gari la Laela nikashuka Kaengesa. Humo garini nilisikia kitu kinavuma kifuani, kama nyuki aliyefungiwa kwenye chupa. Nikadhani ni injini.

Kaengesa nilimpata Adolfu, kijana wa bodaboda anayemjua kila mtu upande ule.

"Dada, wewe ni wa kwa Bibi Avelina? Yule aliyeniambia pikipiki yangu inakohoa kuliko yeye?"

"Ndiye huyo."

"Panda. Ila mtoto umemfungasha! Huyo ni mtoto au ni furushi la mitumba?"

"Baridi hii, ulitaka nimwache uchi?"

"Basi akifika Bibi atatafuta pa kuanzia kufungua."

Tuliondoka tukicheka. Njia ile ni mabonde matupu na upepo, nyasi zimeshakuwa rangi ya simba, mikaratusi michache imeinamishwa upande mmoja. Mashamba yalikuwa yamevunwa, yamebaki matuta ya mviringo yakisubiri mwaka mwingine. Pikipiki iliruka kila korongo, na kila iliporuka begi lilinidunda kifuani. Upepo ulinikata masikio, lakini kifuani nilikuwa na joto zuri. Nikajisemea, shali inafanya kazi.

Tuliendelea. Joto likazidi. Likapita begi, likapita koti, likagusa ngozi. Na hapo mwili wangu ukakumbuka kabla yangu mimi.

Ni joto lile. Joto la kitu kidogo kilichofungwa vizuri, kinachoungua kimyakimya kifuani mwako, na wewe unazidi kukikumbatia.

Asubuhi ile, tumetoka bondeni jana yake, Avelina alikuwa anawaka homa na mikono imepoa, anatetemeka. Nilimpigia Bibi nikilia. Bibi akasema, "Mfunike, mjukuu wangu. Mfunike sana, jasho lilitoe. Baridi ya huku juu inaua." Nikamfunika. Sweta, shali ya njano, blanketi, na blanketi jingine. Akatulia, nikashukuru. Kumbe kutulia kule hakukuwa kuzuri. Tulipofika kwa nesi alikuwa ameshapatwa na degedege. Nesi alizitupa zile nguo sakafuni moja moja. "Mnampika mtoto?" aliniuliza. Baadaye, yote yalipokwisha, alikuja akakaa karibu nami kwenye benchi, akasema kwa sauti nyingine, "Ni malaria kali, mama. Malaria ndiyo imemchukua. Lakini homa haifunikwi, siku nyingine ujue."

Maneno ya nesi nilimwambia Shija. Bibi sikumwambia.

"Simama!" nilimpigia Adolfu kelele. "Simamisha pikipiki!"

Alisimama katikati ya njia, nikaruka. Niling'oa kamba ya kiroba kwa meno. Mvuke wa joto ulinipiga usoni, na harufu ya plastiki inayoanza kuungua. Shali ilikuwa ya moto kama iliyotoka kupigwa pasi. Nilipoifungua, laptop ilikuwa inalia, feni yake inazunguka kwa kilio chembamba, na chini yake pameungua, hapashikiki. Nikafunua kifuniko. Haikuwa imelala. Ilikuwa macho, inawaka, na kwenye kona imeandika asilimia sita.

Nilikuwa nimeondoka nyumbani na mia moja.

"Adolfu, tumebakiza umbali gani?"

"Kilima kile, halafu kile kingine. Dakika kumi, nikikimbia saba."

Ningeweza kuizima, kuokoa kilichobaki. Lakini ikizimwa haiwaki, na Bibi yuko juu ya kilima. Umeme wenyewe nguzo zake zimeishia shuleni, nyuma kabisa huko tulikotoka. Niliifunga kifuniko ilale, nikaikumbatia bila kitu, upepo uipige. "Kimbia," nikamwambia.

Alikimbia. Nilikuwa nimelitupia begi begani, linadundadunda, na kila baada ya muda nilisikia feni ikianza tena kulia ndani ya kifuniko kilichofungwa. Sikuelewa. Nilikuwa naifunua na kuifunga, naifunua na kuifunga, naisemesha: lala, lala basi, tunafika.

Bibi alikuwa amekaa mlangoni penye jua, fimbo magotini, amegeuza jicho la kulia njiani. Mama mdogo Redempta alikuwa anapepeta ulezi pembeni.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mke mwenzangu. Mume wetu hajambo?"

"Yuko bondeni na ng'ombe."

"Ng'ombe ndio wake zake wakubwa. Sisi wawili tunagombania mkia." Akacheka, akanyoosha mikono hewani. "Umeniletea?"

"Nimekuleta, Bibi. Usisogee."

Nilipiga magoti mbele yake, nikaifunua. Asilimia mbili. Nilimwambia mama mdogo atukingie jua kwa ungo. Bibi aliinamisha uso mpaka pua yake ikakaribia kioo, jicho lile moja limetoka, pumzi ameizuia kama mtoto anayechungulia kiota. Niliigusa video. Kioo kikawa cheusi kwanza. Nikasikia kuku. Ukuta wetu ukatokea, na kamba, maana Gabriel alianzia juu kabla hajateremsha simu mkekani. Kamba, na juu ya kamba kitu cha njano kinapeperuka.

Kisha kimya. Feni ikasimama. Kioo kikafa, na kilichobaki mle ndani ni uso wa Bibi mwenyewe.

Mama mdogo alibaki ameshikilia ungo juu.

"Nimeona njano," Bibi alisema polepole. "Imetikisika. Ndiye yeye?"

Ningesema ndiyo. Mungu anajua neno lilikuwa limeshafika ulimini. Lakini alikuwa ameigandisha ile rangi jichoni mwake, natazama anavyoitunza, na nikaona atakwenda nayo mpaka kaburini.

"Hapana, Bibi. Ilikuwa shali yake. Yeye alikuwa chini kidogo. Alikuwa anakuja."

"Ah," alisema.

Adolfu, aliyekuwa ametusogelea na kofia mkononi, alilipapasa begi langu. "Dada," akasema kwa sauti ya chini. "Huku ndani kuna kitu kinawaka chekundu." Akatoa mausi. Taa yake ilikuwa inawaka tumboni, kila akiitikisa. Akaangalia kile kidude ubavuni mwa laptop. "Mausi ikitikisika, mashine si inaamka? Mbona hukukichomoa hiki? Njia nzima imekuwa inaamshwa."

Chomoa hiki. Ndilo jambo la tatu. Midomo ya Modesti niliiona tena ikilisema, wazi kabisa, kama vile Beda hakulia.

Nilitoa shali begini nijipanguse macho. Bibi alisikia nguo inavyokunjuka, akaidaka kwa vidole.

"Ndiyo hii?"

"Ndiyo hii."

Aliishika, akaiweka shavuni. Halafu akaitoa shavuni. "Mbona ina moto?"

"Niliifungia laptop, Bibi."

"Kwa nini?"

"Nilidhani inasikia baridi. Nikaifunga na shali, na kiroba, na nguo juu. Ilikuwa inachemka ndani, mimi nikadhani ni vizuri. Joto lilikosa pa kutokea."

Upepo ulipitisha makapi ya ulezi miguuni petu. Niliona mkono wake unatembea juu ya shali, unaikunja, unaikunjua.

"Fotu," alisema. Bibi huniita mke mwenzangu. Jina langu Fortunata, na hata hilo Fotu, hulitoa mara chache. "Siku ile uliponipigia. Mlimfunika?"

"Bibi, ilikuwa malaria. Nesi alisema malaria."

"Sijauliza nesi alisema nini. Mlimfunika?"

"Ndiyo."

"Ngapi?"

"Shali hii, na mablanketi mawili."

"Niliyosema mimi."

"Sote tungemfunika, Bibi. Nani asingemfunika? Huku ni Ufipa."

"Na huyo nesi alisema nini kingine?"

Mama mdogo Redempta aliteremsha ungo, akaingia ndani bila sauti. Bibi alingoja, akangoja, mpaka kungoja kwenyewe kukawa jibu. Akaitikia kwa kichwa mara moja, kama mtu aliyetajiwa bei akaona ni ileile aliyoifikiria.

"Miaka miwili umelibeba peke yako," alisema.

"Sikutaka ulale nalo."

"Ningelala nalo. Ni langu." Akapangusa lile jicho linaloona kwa ncha ya shali, kisha lile lisiloona. "Mlete huyo."

Nilimfungua Beda mgongoni, nikamweka magotini pake. Alikuwa amelala, mashavu mekundu, nywele za shingoni zimelowa. Bibi alimpapasa kichwa akaikuta kofia, akaivua. Akapapasa kifua akaikuta sweta, na chini yake sweta nyingine. Akaivua ile ya juu, mkono mmoja, kisha mkono wa pili, taratibu asimwamshe. Akavua soksi za juu. Kila alichokivua alikikunja, akakiweka pembeni yake, mpaka vikawa mrundo. Mwisho akaweka kiganja nyuma ya shingo ya mtoto, akakiacha hapo muda mrefu.

"Hapa ndipo pa kupima," alisema. "Si mikononi. Mimi nilikuwa napima mikononi."

Nililia nikiwa nimelaza kichwa kwenye paja lake, upande wa pili wa Beda. Hakuniambia ninyamaze.

Ilikuwa lazima Adolfu awahi abiria wengine Kaengesa, na gari la mwisho la mjini halingojei. Nilipoinuka, Bibi aliishikilia shali. "Hii niachie. Ndiyo niliyoiona." Kisha akauliza kuhusu laptop: je, imekufa kabisa?

"Sijui, Bibi. Inanuka kuungua. Lakini fundi aliwahi kuniambia vitu vinavyohifadhiwa vinakaa kwenye disiki yake peke yake, na disiki inaweza kutolewa ikawekwa kwenye mashine nyingine. Ikiwa haikuungua."

"Ikiwa haikuungua."

"Nikirudi naanzia kwake. Hata kama ni simu ya mtu, sasa nitakubali. Nitakuletea kwa simu ya mtu."

"Mwambie afanye haraka," alisema, akalielekeza lile jicho kwangu, nadhani alikuwa ananitafuta kwenye tundu lake. "Na mimi hili nitaliambia lingoje. Ni jeuri, lakini nitaliambia."

Laptop niliiweka kwenye kikapu cha mama mdogo, bila kuifunika, ubavuni pake hakuna kidude. Ilikuwa imeshapoa. Nilikishikilia magotini, upepo wa kilimani ukipita juu yake na katikati ya nyuzi za kikapu. Mgongoni Beda alikuwa na sweta moja na kitenge, kichwa wazi. Njia nzima hadi Kaengesa nilikuwa napeleka mkono nyuma, naipapasa shingo yake. Haikuwa baridi. Haikuwa ya moto. Nikiutoa mkono naurudisha tena.